Kukagua Kingo kwa Mwanga Katika Upasuaji wa Saratani ya Titi: Mwongozo Kamili kwa Timu ya Thieta

Uvimbe ukishatolewa kwenye titi, daktari hubaki na swali moja: kuna kilichobaki ndani? Kidole hutambua ugumu na jicho hutambua rangi, lakini saratani iliyojificha ndani ya mirija ya maziwa mara nyingi haina ugumu wala rangi ya kuitofautisha. Jibu la uhakika hutoka maabara, na maabara haijibu siku hiyo. Likifika, mama ameshashonwa, ameruhusiwa, yuko kwake Ugunja au Migori. Likiwa baya, itabidi apande gari tena, alipie kitanda tena, atiwe usingizi tena. Huko Marekani na Ulaya, ambako vifaa havijawa shida kubwa, takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliotolewa uvimbe na kuachiwa titi amekuwa akirudishwa thieta kwa sababu hii.

Vifaa vya mwanga vilibuniwa ili swali hilo lijibiwe papo hapo, kidonda kikiwa bado wazi. Mwongozo huu ni wa wapasuaji, masista wa thieta na wataalamu wa maabara wa Kisumu, Kakamega, Nakuru, Eldoret na hospitali zinazowatumia wagonjwa. Msimamo wangu nautaja mapema: mashine ya mwanga husaidia pale tu ambapo kazi ya uzi (kuashiria pande za kipande), wino (kupaka kingo) na fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) imeshakaa sawa. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini hazihitaji mashine yoyote, na hospitali isiyo na mpango wa kuinunua bado itapata la kufanya.

Ukingo safi ni upi

Ukingo ni uso wa nje wa kipande, pale kisu kilipopita. Kipande kikifika maabara hupakwa wino nje kote, kisha hukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Chembe za saratani zikigusa wino, ukingo si safi. Zisipougusa, ni safi, hata kama zimeukaribia. Hicho ndicho kipimo ambacho vyama viwili vya Marekani, SSO cha wapasuaji wa saratani na ASTRO cha wataalamu wa mionzi, vilikubaliana mwaka 2014 kwa saratani vamizi, yaani iliyokwisha kutoka nje ya mirija. Kwa DCIS, yaani saratani ambayo haijatoka nje ya mirija, mwaka 2016 iliwekwa nafasi ya milimita 2. Vipimo vyote viwili vinamhusu mwanamke atakayepigwa mionzi ya titi zima baada ya upasuaji. Kukata kwa upana zaidi ya hapo hakumwongezei kinga ya maana, kunampunguzia titi tu.

Tena maabara nayo haioni kila kitu. Tishu iliyo kwenye slaidi moja ina unene wa mikromita 4 au 5 tu, wakati kipande chenyewe hukatwa kila baada ya milimita kadhaa. Kati ya slaidi moja na nyingine kuna tishu ambayo hakuna aliyeitazama. Likumbuke hili utakapofika kwenye kulinganisha picha za mashine na ripoti ya maabara, kwa sababu mara nyingine vinapokosana, si lazima mashine ndiyo iwe imekosea.

Swali la kwanza si la mashine: atapata mionzi?

Kumhifadhia mama titi bila kumpa mionzi ni kazi nusu. Jaribio la B-06 la Marekani, lililoongozwa na Bernard Fisher, lilitoa matokeo ya miaka 20 mwaka 2002. Waliotolewa uvimbe peke yake, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 39.2. Waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi, asilimia 14.3. Kwa upande wa kuishi, hapakuwa na tofauti kati yao na waliotolewa titi zima.

Kwa watu wa magharibi mwa Kenya, mionzi maana yake kwa kawaida ni safari: Eldoret, Nakuru au Nairobi. Kaa na mama na familia yake kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa, muulizane nani ataenda naye, atalala wapi, na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, italipa kiasi gani. Kuna ratiba za mara 15 kwa wiki tatu ambazo ni za kawaida sasa, na tangu 2020 kuna ushahidi kutoka Uingereza wa ratiba ya mara tano kwa wiki moja kwa wagonjwa waliochaguliwa. Kwa mama anayetoka Busia, tofauti ya mara 15 na mara tano ndiyo inaweza kuamua kama atamaliza tiba au ataiacha njiani. Ulizeni kituo cha mionzi mapema kinatumia ipi. Na kama mionzi haiwezekani kabisa, kumtoa titi zima ni uamuzi wa heshima, wala mashine ya mwanga haitaubadilisha.

Wengi wa wagonjwa wetu pia huja uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa. Hao huanza na kemo (dawa za kuua saratani), au hutolewa titi. Mwongozo huu unamhusu yule aliyewahi, au yule ambaye kemo imempunguzia uvimbe hadi ukahifadhika.

Yanayowezekana kesho asubuhi bila kununua kitu

Anza na uzi. Kipande kikitoka, kabla hakijawekwa popote, kishonewe nyuzi mbili: mfupi upande wa juu, mrefu upande wa kwapani. Mpasuaji ndiye anayefunga, kipande kikiwa bado kimeshika au mara tu kinapokatika, si dakika kumi baadaye kikiwa kimeshageuzwageuzwa kwenye bakuli. Ukingo wenye saratani usiojulikana ni wa upande gani ni habari isiyosaidia mtu. Wala mashine ya bei yoyote haitajua juu ni wapi kama ninyi wenyewe hamjui.

La pili ni kunyoa shimo, na hapa nitakaa kidogo. Baada ya uvimbe kutoka, mpasuaji huchukua tabaka jembamba zaidi kutoka pande zote za shimo lililobaki, na kila tabaka huenda maabara likiwa na jina la upande wake. Jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa 2015 liliwagawa wanawake 235 kwa bahati nasibu mezani, baada ya uvimbe kutolewa. Walionyolewa, asilimia 19 walikutwa na ukingo wenye saratani. Wasionyolewa, asilimia 34. Waliorudishwa thieta walishuka kutoka asilimia 21 hadi 10. Hakuna umeme uliohitajika, hakuna dawa ya kudunga, hakuna leseni ya programu. Mzigo unaoongezeka ni wa maabara, yenye vipande vingi zaidi vya kusoma, na gharama hiyo ipangiwe bajeti wazi. Kama hospitali ya kaunti ikiniuliza ianzie wapi, nitasema hapa, na nitalirudia hata mbele ya mwuzaji wa mashine.

La tatu ni altrasaundi. Ipo karibu kila mahali, na mpasuaji aliyejifunza anaweza kuitumia mezani kuona uvimbe unapoishia kabla ya kukata. Kipande kikitoka, kiwekwe kwenye bakuli la maji ya chumvi na kitazamwe tena kuona kama uvimbe uko katikati au umesogea upande mmoja. Katika jaribio la COBALT la Uholanzi, 2013, kwa uvimbe unaoshikika kwa mkono, kingo zenye saratani vamizi zilikuwa asilimia 3 kwa waliopasuliwa kwa altrasaundi, dhidi ya 17 kwa waliopasuliwa kwa kupapasa. Altrasaundi haioni DCIS vizuri. Kwa ile yenye vichembe vya chokaa, piga eksirei ya kipande, pande mbili, na uifananishe na mamogramu ya awali.

Acha pia vibanio vidogo vya titani ndani ya shimo. Daktari wa mionzi wa Eldoret atavihitaji kujua alenge wapi.

Mwanga unaona nini hasa

Vifaa vya mwanga viko vya namna mbili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta mijadala isiyoisha kwenye mikutano ya ununuzi. Kuna vinavyotazama kipande kilichotoka, na kuna vinavyotazama shimo lililobaki. Cha kwanza hukuambia kama saratani imefika kwenye uso wa nje wa kipande. Kikisema imefika, lazima urudi shimoni kwa kufuata uzi. Cha pili hukuonyesha mahali penyewe.

Kwenye kundi la kwanza kinachojulikana zaidi ni tomografia ya mwanga, kwa kifupi OCT. Ilielezwa mara ya kwanza 1991 na watafiti wa MIT, na waliofanya kazi kliniki za macho wanaijua kwa picha za retina. Mwanga wa infraredi hutumwa kwenye tishu, unaorudi hupimwa, na mashine hujenga picha ya mkato kama altrasaundi inavyofanya kwa sauti, ila kwa undani wa mikromita kumi na kitu. Kina chake ni milimita 1 hadi 2 tu. Kwa kazi ya kingo hicho kinatosha, maana swali liko kwenye hizo milimita mbili za nje. Mafuta ya titi huonekana kama sega la nyuki, vyumba vyeusi vyenye kuta nyembamba. Saratani hulivuruga sega hilo: eneo huwa kijivu, zito, lisilo na mpangilio, na mwanga hupotea haraka kadiri unavyoshuka. Tatizo ni tishu za kawaida zenye nyuzi nyingi, ambazo kwa mwanamke kijana ndizo zinazojaza titi. Nazo ni nzito na kijivu.

Kundi la pili hutegemea dawa ing'aayo. Pegulicianine, iliyoidhinishwa Marekani mwezi wa Aprili 2024, hudungwa kwenye mshipa saa 2 hadi 6 kabla ya kupiga picha, kwa kipimo cha miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Ikiingia mwilini haing'ai. Huwaka inapokatwa na vimeng'enya ambavyo huwa vingi kwenye uvimbe na pembeni yake, kisha kamera ndogo ya kushika mkononi huingizwa shimoni na kuonyesha palipowaka. Matokeo ya jaribio lake kubwa, lililochapishwa 2023, ni vyema kuyajua kwa namba kabla hujasikiliza tangazo. Kati ya wanawake 357, asilimia 7.6 walitolewa saratani iliyobaki ambayo isingetolewa bila kamera. Kati ya 62 waliokuwa na ukingo wenye saratani baada ya upasuaji wa kawaida, 9 waliepushwa kurudi thieta. Kati ya kingo zenye saratani, kamera iliwaka kwa asilimia 49.3. Kati ya zilizo safi, ilinyamaza kwa asilimia 85.2. Kwa ufupi, shimo lisilowaka linaweza kuwa na saratani.

Kijani cha indosianini, ICG, ni cha zamani zaidi, kimetumika tangu 1959, na hospitali nyingi hukijua kwa kutafuta tezi za kwapani au kuangalia damu inavyopita. Hakichagui saratani. Huvujia palipo na mishipa dhaifu, na kidonda kibichi nacho kimejaa mishipa dhaifu. Watafiti wamekijaribu kwa kingo, lakini mimi nisingemkatia mama tishu kwa sababu ya ICG peke yake. Kina iodini pia, kwa hiyo uliza mzio.

Vingine nitavipitia haraka. Spektroskopia ya Raman husoma kemia ya tishu kwa leza, ni sahihi lakini polepole. Hadubini ya mwanga wa urujuanimno, inayoitwa MUSE, ndiyo ningependa chuo kama Maseno au Moi kiichukulie kwa uzito: taa ndogo ya LED ya takriban nanomita 280 huangaza tabaka la mikromita chache tu la juu ya tishu iliyopakwa rangi, na picha hutoka inayofanana na slaidi bila kukata wala kugandisha kwenye nta. Vifaa vyake si ghali. MarginProbe, ambayo mtaisikia ikitajwa katika kundi hili, haitumii mwanga. Hutumia mawimbi ya redio.

Rangi ya ngozi huulizwa sana. Melanini hunyonya mwanga, lakini iko kwenye ngozi ya nje. Ndani ya shimo na juu ya kipande kilichokatwa haipo, kwa hiyo ukaguzi wa kingo hauathiriki. Kinachoathirika ni kamera zinazotazama kupitia ngozi, kwa mfano kufuatilia ICG ikielekea kwapani.

Siku ya upasuaji, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza, chumba. Jua linaloingia dirishani na taa za zamani za halojeni hutoa infraredi nyingi ambayo kamera haiwezi kuitofautisha na mng'ao wa dawa. Funika madirisha kwa kitambaa kizito, na mkubaliane mapema ni nani atakayezima taa kuu ya thieta na kwa ishara gani. Mashine iwe kwenye UPS, betri inayoshika stima inapokatika. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika stima ikikatika, na mashine nyingi za namna hii huchukua dakika kuwaka upya. Pima mashine kwa kifaa chake cha majaribio kila asubuhi na uhifadhi picha hiyo.

Hatua ya pili, dawa, kama inatumika. Pegulicianine ina onyo kali la mzio unaoweza kuua, kwa hiyo idungwe mahali penye oksijeni, mtu wa kusimamia, na adrenalini ya 1:1000 iliyo tayari: miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima. Mwambie mama kwamba mkojo utabadilika rangi kwa muda. Kisha angalia rangi inayotumika kutafuta tezi mlinzi, yaani tezi ya kwapani ambayo saratani huifikia kwanza. Bluu ya methilini, inayotumika sana kwetu kwa sababu ni rahisi kupatikana, nayo hung'aa karibu na nanomita 700, palepale kamera inapotazama. Idungwe baada ya shimo kukaguliwa, au itumike njia nyingine. Mtu wa dawa ya usingizi ajulishwe vilevile, kwa kuwa rangi za bluu hushusha kwa uongo namba za oksijeni kwenye kidole.

Hatua ya tatu, kukata. Punguza diathemi (kisu cha umeme) unapokaribia ukingo. Tishu iliyoungua huwa kijivu kwenye OCT, humeza mng'ao kwenye kamera, na mwanapatholojia naye humchanganya. Pale panaporuhusu, tumia kisu.

Hatua ya nne, uzi, kama ilivyoelezwa. Sista anayepokea kipande ataje kwa sauti, "Mfupi juu, mrefu kwapani, titi la kushoto," na mpasuaji aitikie. Saa iandikwe ubaoni hapo hapo. Hiyo ndiyo dakika ambayo tishu imeanza kufa, na hesabu nyingine zote huanzia hapo.

Hatua ya tano, kusafisha. Damu hunyonya mwanga kuliko kitu chochote kingine mezani. Suuza kipande kwa maji ya chumvi, kausha kwa kugusagusa kwa shashi, usisugue, maana kusugua huhamisha chembe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usikiache kikauke kwenye joto la Kisumu. Uso uliokauka hubadilisha jinsi mwanga unavyorudi. Fomalini isikaribie kabla ya picha. Wino pia, isipokuwa maelekezo ya mashine yenyewe yanasema vingine.

Hatua ya sita, picha. Pande sita kwa mpangilio ule ule kila siku: juu, chini, kwapani, kati (upande wa katikati ya kifua), mbele, nyuma. Kila picha ipewe jina la upande kabla ya kwenda upande unaofuata. Kwa kamera ya shimo, weka kichwa chake kikiwa kimegusa ukuta wa shimo, taa zikiwa zimezimwa, na usiziruke pembe.

Hatua ya saba, uamuzi. Mahali mashine imepatia shaka, nyoa tabaka la upande huo, lipewe uzi unaoonyesha uso wake mpya, lipigwe picha mara moja. Weka kikomo kabla hamjaanza: mara mbili kwa upande mmoja, basi. Bila kikomo, mng'ao usioisha utawafanya mtoe robo ya titi kwa kufuata kitu ambacho huenda ni mshipa uliovuja.

Hatua ya nane, wino na fomalini. Rangi sita, moja kwa kila upande, zikaushwe kwa shashi na zishikishwe kwa asidi asetiki, siki ya kawaida inatosha. Kisha fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kiingie ndani ya saa moja tangu ile saa iliyoandikwa ubaoni, na kikae kati ya saa 6 na 72. Nje ya hapo vipimo vya ER, PR na HER2, vinavyoonyesha dawa gani itaifaa saratani hiyo, haviaminiki, na mama anaweza kunyimwa dawa iliyokuwa ya kumfaa. Kama ukaguzi wa mwanga unamaliza dakika arobaini za ile saa moja, mashine inawagharimu zaidi ya inavyowapa. Fomalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo kipande kinachosafirishwa kutoka Homa Bay Ijumaa jioni kifunguliwe kwa mikato baada ya kupakwa wino, kwa namna ambayo mwanapatholojia wenu ameelekeza. Mpigie simu. Anajua anachotaka.

Wakati wa kutoiamini picha

Kovu la biopsi, tishu iliyoungua, damu iliyoganda, mirija iliyovimba, mabadiliko ya kawaida ya nyuzi: vyote hivi huiga saratani. Kemo iliyotangulia huacha visiwa vidogo vya chembe vilivyotawanyika ambavyo picha inaweza kuviruka. Saratani ya lobula, ile ya vijitezi vinavyotengeneza maziwa, hukaa mstari mmoja mmoja bila kuunda uvimbe, na hiyo huwashinda wengi, mashine na watu.

Kanuni ninayoipendekeza ni ya upande mmoja. Mashine ikisema kuna kitu, nyoa ndani ya kikomo. Mashine ikisema hakuna, usifute unyoaji ambao ulikuwa umeupanga, usifute eksirei, usifute altrasaundi.

Miezi ya kwanza: piga picha, usiifuate

Mashine ikifika, itumieni kwanza bila kuitii. Pigeni picha, andikeni ilichosema kwa kila upande, kisha pasueni kama mlivyozoea na msubiri maabara. Tuseme mmefikisha wagonjwa 30. Kwa pande sita, hizo ni kingo 180. Maabara inasema 18 zina saratani, 162 ni safi. Mashine iliwaka kwa 9 kati ya zile 18, na kwa 24 kati ya zile 162. Iliwaka mara 33 kwa jumla, na 24 kati ya hizo zilikuwa bure. Jedwali la namna hiyo, la thieta yenu, ndilo litakaloamua kama kila tabaka la ziada linastahili. Waiteni mwanapatholojia na mtu wa mionzi mlitazame pamoja, na picha ziwe mezani.

Msomaji awe mmoja au wawili mwanzoni. Kuzungusha zamu ya kusoma picha kwa kila daktari anayepita thieta hakumfundishi mtu yeyote.

Vibali na pesa

Dawa isiyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu (PPB) haidungwi kwa mgonjwa nje ya utafiti ulioidhinishwa, hata kama imeidhinishwa Marekani. Utafiti unahitaji kamati ya maadili ya taasisi na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti. Picha zinazotumwa nje ya nchi ili programu ya kampuni izisome ni data ya afya, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihusu.

Kwenye bei, usiangalie mashine peke yake. Ulizia kichwa cha kamera kinatumika mara ngapi, vifuniko vya kutupa, dawa kwa kila mgonjwa, fundi anatoka wapi na huchukua muda gani kufika Nakuru au Kisumu. Kisha linganisha jumla hiyo na mshahara wa mwanapatholojia mmoja zaidi. Nimeona orodha za ununuzi ambazo swali hilo halikuulizwa kabisa.

Utakachomwambia mama

Mama atauliza, naye atauliza kwa namna yake: "Sista, mmetoa yote?" Usimjibu ndiyo kwa sababu skrini ilikuwa nyeusi. "Mama, uvimbe tumeutoa, na pembeni tumekagua kwa mashine. Lakini maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Wakikuta kitu ukingoni, tutakuita, na haitamaanisha kwamba ugonjwa umerudi." Mwambie hivyo kabla ya upasuaji, mume au dada yake akiwepo, umrudie baada ya upasuaji, kwa sababu la asubuhi ile atakuwa amelisahau. Kama ni utafiti, aelewe kwamba anaweza kukataa na bado atapasuliwa na daktari yule yule siku ile ile.

Jibu la maabara likifika

Ripoti itaje kila upande na umbali wake kwa milimita. Isipotaja, irudishwe kwa heshima na iombwe tena. Ukingo mmoja ukiwa na saratani, angalia kwanza ni upi. Kama ni wa nyuma na mlikwishafika kwenye msuli, au wa mbele na hakuna tishu iliyobaki chini ya ngozi, huenda hakuna cha kukata tena. Mpelekee swali daktari wa mionzi kabla ya kumwita mama. Kama ni wa pembeni, rudini shimoni mapema, tishu zikiwa bado hazijafunga kovu gumu, mkinyoa upande ule tu. Zikiwa ni pande tatu au nne, mazungumzo yageukie kutoa titi.

Namba ya simu ya mama na ya mtu wa pili wa familia iandikwe kwenye rejista ya thieta, si kwenye faili peke yake, na sista mmoja apewe kazi ya kufuatilia ripoti kila Jumatatu. Ile ambayo haijafika baada ya wiki mbili, apige maabara.